Macho ya Dereva

Machi 4

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na Theodory amepata gari. Naanza na gari, maana ndilo lililoleta kelele nyumbani. Mzee Mustapha, mfanyabiashara wa mazao pale sokoni, amemkabidhi Fuso lake la kubebea mahindi na mbaazi. Mume wangu alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi, tangu kampuni ya mabasi aliyokuwa dereva wake iuze magari yake. Kila asubuhi alikuwa anaamka, anavaa, anapiga viatu rangi, halafu anakaa barazani. Watu wa mtaa wetu wa Bagara wakipita bado wanamwita Suka, jina lile la madereva. Yeye anainua mkono, na mimi ndani nainamia cherehani nisimtazame.

Leo alipiga honi tangu kona ya kanisa. Binti yetu Vailet alitoka mbio na sare zake za shule. Theodory akamnyanyua kama mtoto mdogo, binti wa kidato cha tatu, akamkalisha kwenye usukani. Utingo ni Salimu, yule yule aliyekuwa naye kwenye basi. Wamefanya kazi pamoja tangu ujana. Kuendesha Salimu anajua, ila leseni hakuwahi kuitafuta. Anasema kazi yake ni milango na turubai.

"Shemeji," aliniambia, "sasa utalala usingizi."

Machi 6

Mvua. Nguo za wateja hazikauki.

Machi 11

Tumekwenda Sigino kupanda. Theodory alikuwa anaelekea huko huko kuchukua mzigo, akanipakia mimi na mbegu. Nilikaa katikati yao. Salimu amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, lakini njia nzima hakunyamaza.

"Shimo kulia. Baiskeli hiyo, bado iko mbali. Sasa pita. Punguza, mbuzi wanavuka."

Mwanzoni nilidhani ni mazoea yao ya kazi. Baadaye nikaona kwamba Theodory hashtuki kwa kitu chochote kilichoko mbele mpaka Salimu akitaje.

Tulipofika shambani alinishushia mfuko wa mbegu, akauachia kabla mikono yangu haijaufikia. Mahindi yakamwagika kwenye tope.

"Mbona hushiki?" akafoka.

Niliokota punje mpaka vidole vikafa ganzi.

Machi 16, Jumapili

Kanisani wametangaza madaktari wa macho wanakuja mjini wiki hii, wanapima na kutibu watu bila malipo. Niliposikia nilimgusa Theodory mkono. Akautoa.

Nyumbani, wakati wa chakula, nilimwambia twende.

"Nani kakwambia mimi sioni?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona mwenyewe."

"Nimeendesha Arusha, Singida, Dar es Salaam, usiku na ukungu. Leo nikapange foleni na vibibi? Dereva akionekana na miwani mikubwa, abiria wanashuka."

"Baba, siku hizi unabeba mahindi," Vailet akasema huku akicheka. "Mahindi hayashuki."

Zamani angecheka kuliko sisi sote. Leo alisukuma sahani akatoka nje.

Machi 22

Kaka yangu Konstantini amekuja na habari njema, au mimi nilidhani ni njema. Anahitaji mtu mwaminifu wa kusimamia ghala lake la mbaazi. Kazi ya kukaa kivulini, mshahara kila mwezi. Theodory alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Alirudi amebadilika sura.

"Umemwita wewe."

"Sikumwita."

"Nikawe mlinzi wa magunia ya shemeji yangu? Watoto wa mtaani waseme Theodory analishwa na ukoo wa mke?"

Nilimwambia hakuna atakayesema hivyo. Akasema mimi sijui watu.

Machi 31

Idi. Zuwena, mke wa Salimu, ametuletea pilau. Yeye na mimi tulizoeana tangu waume zetu wakiwa kwenye basi. Siku basi lilipochelewa tulikuwa tunasubiri pamoja. Salimu alikuja naye, amevaa kanzu. Alinikuta nyuma ya nyumba nikianua nguo.

"Shemeji, jicho lake la kulia limeziba. Lina weupe katikati, ukimwangalia juani unauona. La kushoto nalo linafuata."

"Najua."

"Mimi namsomea barabara. Lakini kuna siku nitapiga chafya."

Alitaka tucheke, na tulicheka kidogo.

"Kwa nini usimwambie Mzee Mustapha?" nikamuuliza.

"Nikimwambia, atampokonya gari. Ulimwona mwaka jana alivyokuwa. Nasubiri akubali mwenyewe."

Aprili 2

Mahindi yameota vizuri, hata pale yalipomwagika.

Aprili 9

Leo Salimu amesubiri vya kutosha. Walikuwa wanashusha mzigo sokoni, akamwita Theodory pembeni, akamwambia: tukimaliza Pasaka uende hospitali, usipokwenda nitamweleza tajiri. Haya sikuyapata kwa Salimu. Ameyasema Theodory mwenyewe, akizunguka sebuleni na viatu vya matope.

"Utingo ananipa muda mimi! Mtu niliyemtoa kwenye kubeba mizigo stendi. Anasimama mbele yangu ananipa muda!"

"Anakupenda, Baba Vailet."

"Anataka kiti changu."

Nilimtazama usoni nikijua kwamba anaamini anachosema. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mpaka leo nilidhani ana aibu tu. Aibu ningeweza kuisubiri iishe.

Aprili 12

Sasa Salimu hapandi mbele. Theodory amemwambia akae nyuma juu ya mzigo, ndiyo sehemu ya utingo. Nimewaona wakipita barabara kubwa, mvua inanyesha, Salimu amejifunika kipande cha turubai. Kiti cha pembeni ya dereva kilikuwa kitupu.

Niliacha nguo ya mteja kwenye cherehani nikatoka mpaka barabarani. Walikwisha pita.

Aprili 14

Nimekwenda kwa Zuwena kumwomba Salimu aiache hiyo kazi. Zuwena amesema amemwomba, na jibu lake ni kwamba akiwa juu bado anaweza kugonga bodi la gari kwa mkono kumwonya. "Anasema akishuka yeye, nani atabaki na Theodory?"

Aprili 20, Pasaka

Theodory aliimba kwaya kwa sauti kubwa. Kitabu cha nyimbo alikishika wazi mbele yake. Kurasa zilikuwa za wimbo mwingine.

Aprili 24

Naandika haya asubuhi ya tarehe ishirini na tano, lakini ni ya jana.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana na Mlima Kwaraa ukapotea kabisa. Jioni, kabla giza halijaingia, Theodory aliingia kwa miguu. Hakukuwa na honi wala muungurumo wa gari. Alikuwa ameloa mwili mzima na goti moja la suruali lina damu. Nilidhani ni yake, nikapiga magoti kumtazama.

"Sikumwona, Edda. Nakuapia, sikumwona."

"Nani?"

"Alikuwa amejitwika majani. Nilisikia kishindo. Salimu alikuwa anagonga, anagonga kule juu, nikasema leo simsikilizi."

Alikaa chini sakafuni. Nilimkumbatia. Alitetemeka mpaka meno yanagongana, na Vailet akaleta blanketi, akamfunika mabega, akamshika mkono. Kidogo kidogo akatueleza. Ilikuwa barabara ya Sigino, walipokuwa wanarudi mjini. Mama mmoja alikuwa anatembea pembeni amejitwika majani ya ng'ombe. Theodory aliposimamisha gari alishuka, miguu ikamwishia, akakaa kwenye majani. Salimu ndiye aliyeruka toka juu, akampakia yule mama mbele, akashika usukani akamkimbiza hospitali. Theodory aliachwa pale na watu waliokusanyika. Baadaye akatembea.

"Yuko hai?" nikamuuliza.

Hakujua.

Nilimchemshia chai. Nilimwonea huruma. Nakiri niliwaza, labda hili sasa litamfungua, atakwenda kwa daktari, atakwenda kwa ndugu wa yule mama kupiga magoti. Nikasema nitakwenda naye, popote.

Aprili 25

Mama yule amefariki. Anaitwa Katarina, mke wa Herieli wa Sigino. Shamba lao na letu yanatenganishwa na njia moja tu. Nimewahi kumwazima jembe.

Mchana Zuwena amekuja bila viatu.

"Mama Vailet, mume wangu yuko ndani. Wanasema ndiye alikuwa anaendesha. Bila leseni, wanasema, amemuua mtu."

"Nani anasema?"

Alitazama mlango wa chumba chetu ambako Theodory alikuwa amelala, kisha akanitazama mimi.

Hospitali wote walimwona Salimu akishuka kwenye usukani. Asubuhi askari walipomwita Theodory kituoni, wakamuuliza mbele ya Mzee Mustapha na madereva wenzake, nani alikuwa anaendesha, yeye alisema kichwa kilimuuma, akampisha Salimu.

Zuwena alipoondoka niliingia chumbani.

"Salimu alikuwa juu ya mzigo," nikamwambia. "Umesema mwenyewe, na Vailet amesikia."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa jana."

"Theodory."

Akainuka, akakaa kitandani. Alizungumza polepole kama anavyomweleza Vailet hesabu. "Madereva wote walikuwepo pale. Ulitaka niseme nini? Niseme sioni? Sikiliza, Edda. Utingo ni utingo, akianguka anainuka anapanda gari lingine. Mimi nikianguka, nyumba hii yote inaanguka. Nafanya kwa ajili yenu."

Mara tatu alisema kwa ajili yenu. Sikuweza kumtazama.

Aprili 27, Jumapili

Kanisani watu wamempa pole. Pole, Suka, umepata mtihani, kumbe utingo wako hafai. Alizipokea zote.

Aprili 29

Tulimzika Mama Katarina huko Sigino. Mimi nilikwenda peke yangu, nikakaa nyuma na wanawake. Mzee Herieli hakulia. Alikuwa anauliza kila anayempa mkono kama alimwona mkewe siku ile, kama alisema chochote njiani. Hakuna aliyejua. Aliponifikia mimi nilisema, "Pole, baba," nikatembea kuelekea barabarani na nusura nianguke kwenye mtaro.

Mei 1

Mvua haikati. Maharage tuliyopanda kati ya mahindi yanaanza kuoza.

Mei 3

Uongo umeota matawi. Sokoni leo nimesikia kwamba Salimu alikuwa anatafuna mirungi siku ile. Aliyenieleza, muuza nyanya, alisema amelipata kwa mume wangu. Salimu, ambaye hata soda anaiogopa!

Nilimuuliza Theodory jioni kwa nini ameongeza na hilo. Alisema watu walianza kuuliza maswali.

"Na kesho wakiuliza mengine?"

"Nitajibu mengine."

Halafu akanikataza kwenda kwa Zuwena. Akasema mke anayepeleka chakula kwa adui wa mumewe ni adui naye. Nilifunga ugali na mboga nikapeleka. Twalha, mtoto wao mkubwa, alinipokea mlangoni, akasema shikamoo, akachukua bakuli, hakunikaribisha. Sikumlaumu.

Mei 5

Vailet amesema. Mezani, bila kupaza sauti: "Baba, nenda ukaseme ukweli. Nilikushika mkono ukitetemeka, nilisikia yote."

Alimpiga kofi. Katika maisha ya mtoto huyu baba yake hajawahi kumgusa kwa hasira. Hata yeye alishtuka; aliutazama mkono wake. Kwa sekunde ile nilidhani atalia, na kama angelia ningemsamehe kila kitu. Badala yake akasema, "Nyumba hii mwenye sauti ni mmoja."

Vailet ameondoka na begi lake la shule kwenda kwa mjomba wake Konstantini. Hakumzuia.

Mei 6

Hatuongei. Mvua.

Mei 8

Leo jua limetoka. Theodory alitoa kiti nje akakaa barazani, amevaa vizuri, viatu vinang'aa. Mzee Mustapha ameahidi kumrudishia gari likitoka polisi, atampa utingo mwingine.

Nilikuwa jikoni naosha vyombo nikasikia geti dogo. Nilichungulia dirishani. Zuwena alikuwa amesimama pale getini, kanga kichwani, hajasema kitu. Nadhani alikuwa anajikusanya. Theodory akainua uso.

"Vailet?"

Zuwena hakujibu.

"Umerudi, mwanangu. Njoo. Usiogope, sitakugusa tena." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya yule mtu aliyekuwa anatoka safari na karanga za Singida mfukoni. Sijaisikia tangu mvua zianze. Nilibaki na sahani mkononi. "Unanichukia, najua. Ndiyo, niliendesha mimi. Wewe unajua, mama yako anajua. Lakini fikiria. Nikilisema hilo, nimekwisha. Watanivua leseni, nitaongozwa mtaani kwa fimbo, wenzako watakucheka. Salimu atakaa ndani muda, watu watasahau, atatoka. Yeye hana jina la kupoteza. Mimi ninalo. Unanielewa?"

Alinyoosha mkono. Kutoka pale barazani mpaka getini ni hatua chache, na jua lilikuwa kali.

"Mimi si Vailet, Baba Vailet," Zuwena akasema. "Ni mke wa Salimu."

Mkono ukabaki hewani. Nilitoka. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba sasa ataomba radhi, maana hakuna tena mahali pa kujificha. Alisimama, akanyoosha shati lake.

"Nani atakuamini?" akamwambia. "Mke wa mahabusu." Kisha akageukia upande wangu, au upande aliodhani niko. "Edda, mwambie atoke kwangu."

Zuwena hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikuwepo.

Niliweka sahani chini kwenye ngazi. Nikavaa viatu. Theodory akaita, "Edda? Unakwenda wapi?" Nikamshika Zuwena mkono, tukatoka.

Njiani bajaji zilisimama, tukakataa, tukatembea kwa miguu mpaka kituoni. Inspekta aliyetupokea ni mwanamke, mwenye lafudhi ya Mbulu kama ya mama yangu. Alinisikiliza bila kunikatisha. Nilipofika kwenye macho aliacha kuandika.

"Unajua unachokifanya, mama?"

"Najua."

"Huyu ni mumeo. Hatukulazimishi."

"Mpimeni macho," nikasema. "Msinisikilize mimi. Mpimeni macho tu."

Mei 9

Vailet amekwenda na Konstantini kutoa maelezo yake. Wamemchukua Theodory asubuhi. Hakubishana nao. Alimwomba askari amsubiri apige viatu rangi.

Mei 12

Daktari amewaambia polisi jicho la kulia halioni hata vidole, la kushoto linaona kivuli. Ni mtoto wa jicho, siyo ugonjwa wa ajabu. Mwezi wa tatu, wale madaktari walipokuja, wangemfanyia upasuaji na angerudi nyumbani kesho yake.

Hilo la mwisho sijamwambia mtu.

Mei 14

Salimu ametoka. Amekonda, ndevu zimeota mvi ambazo sikuzijua. Nilikwenda, nikasimama nje ya mlango wao kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kuingia. Alitoka mwenyewe.

"Shemeji, ingia unywe chai."

Niliingia. Zuwena alinimiminia. Hatukuzungumza juu ya Theodory mpaka nilipoaga, ndipo Salimu akauliza, "Anakula?"

Mei 19

Theodory anaweza kupewa dhamana mpaka kesi isikilizwe. Konstantini amejitolea kumdhamini, na hati ya kiwanja chake anayo mkononi. Nilimpelekea Theodory habari hiyo. Alinisikiliza nyuma ya nondo, akageuza kichwa kuelekea sauti yangu.

"Sitatolewa na Konstantini."

"Basi nani akutoe?"

"Nitatoka mwenyewe."

Mei 28

Mvua zimekata. Upepo wa baridi umeanza.

Juni 5

Wamemfanyia upasuaji, jicho la kulia kwanza, askari amekaa kando ya kitanda. Nilidhani atakataa. Alikubali mara moja. Nimeliwaza sana jambo hili nikiwa napalilia. Hospitalini hakukuwa na mtu wa Bagara wa kumwona. Nadhani ni hilo tu lililohitajika. Lingepatikana mwezi wa tatu, Mama Katarina angekuwa anakata majani leo.

Juni 11

Nilikwenda kwa Mzee Herieli na Vailet. Nilimweleza nani alikuwa anaendesha, na kwamba mimi ni mke wake, na kwamba nilijua macho yake mabovu tangu mwezi wa tatu. Alishasikia kwa polisi. Alimtazama Vailet, akamuuliza anasoma darasa la ngapi. Kisha akasema, "Maharage yako yamekauka, yavune kabla hayajapasuka." Tukavuna mpaka jioni. Alituma mkokoteni wake wa ng'ombe ukatubebee magunia.

Juni 22, Jumapili

Leo Salimu ameniomba twende pamoja mahabusu. Nilimwambia si lazima. Akasema anajua.

Theodory aliletwa akitembea mwenyewe, bila kushikwa mkono, kichwa juu. Jicho la kulia lilikuwa jeusi na safi kama nilipoolewa. Alinitazama, na niliona anazisoma mvi zangu, mikunjo, gauni lililofifia. Muda mrefu hakuwa ameniona.

"Umekonda, Mama Vailet," akasema.

"Nimekuja na mgeni."

Salimu akasogea mbele kidogo. "Kaka, habari za humu?"

Theodory alimtazama toka kichwani mpaka miguuni, kwa utulivu, kama mtu anayesoma bango la barabarani. Nilishika nondo. Nilikuwa nasubiri neno moja, lolote. Midomo yake ilicheza. Halafu akamgeukia askari, akasema, "Afande, muda wangu umekwisha," na hakuna aliyekuwa amehesabu muda. Akarudi ndani bila kujikwaa popote.

Nje, Salimu alisimama akifuta uso kwa kofia yake. Niliomba radhi, sijui kwa niaba ya nani.

"Mwache," akasema. "Jumapili nitakuja tena."

Mimi sijui kama nitakuja.